Hakutoroka, Aliomba Ruhusa

Mtu yeyote ofisini akikuambia "usijali, nenda tu," wewe jali. Simama hapo hapo mlangoni pake umwombe aandike. Akinuna, anune. Akikuambia una maneno mengi, mwamkie mara ya pili, halafu uendelee kusimama.

Nawaambia haya ninyi mnaoingia vyuoni, na ninyi mliomo tayari mnahangaika na kozi msizozitaka, kwa sababu nimekaa upande wa pili wa lile dirisha miaka mingi kuliko umri wenu. Nilianza kama karani wa masjala, nikamaliza kama ofisa usajili, katika chuo kimoja hapa Tabora mjini. Wanafunzi waliniita Mama Usajili. Hata leo nikiwa sokoni nachagua dagaa, mtu mzima mwenye kipara ataniita hivyo mbele za watu, na mimi nitaitika. Nimestaafu, naishi Ipuli, nafuga kuku. Hasira yangu ndiyo bado haijastaafu.

Kazi nilifundishwa na Mzee Mihayo, mkuu wa masjala, mtu wa Nzega, mrefu, mwenye sauti ndogo. Enzi zake kila mwanafunzi alikuwa na jalada la karatasi ngumu, na majalada yalikaa kwenye makabati ya chuma yaliyolia kama punda kila ukiyafungua. Mwanafunzi akileta barua, Mzee Mihayo hakuisoma kwanza. Aliinua macho akauliza:

"Ya kwako iko wapi?"

"Ya kwangu ipi, mzee?"

"Nakala. Hii ni ya kwetu. Ya kwako iko wapi?"

Kama huna, alikurudisha ukainakili kwa mkono, hata kama ni kurasa tatu. Kisha aligonga mhuri zote mbili, akaandika tarehe, akatia sahihi, yako akakupa. Sisi makarani vijana tulimcheka. Tulisema mzee anapenda mhuri kuliko ugali. Siku moja alinisikia. Hakukasirika. Aliniambia tu, "Binti, barua isiyo na nakala ni maneno ya kilabuni. Kesho kila mtu atakuwa na yake."

Msidhani alikuwa mtu mkavu. Kuna mwanafunzi aliwahi kutuletea barua nzuri kabisa, mwandiko umenyooka, yenye kichwa cha habari: "Ombi la Kuharisha Masomo kwa Mwaka Mmoja." Mzee Mihayo alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kufuta machozi alimwita yule kijana karibu, akamwambia polepole, "Mwanangu, kuharisha hakuhitaji kibali cha chuo. Kuahirisha ndiko kunakohitaji. Nenda kaziweke sawa zile a na i, urudi." Yule kijana akaandika upya, akapewa ruhusa yake, akaenda, akarudi, akahitimu. Herufi mbili zilirekebishwa, na maisha yakaendelea. Hivyo ndivyo ofisi inavyotakiwa kuwa.

Sasa niseme la kwangu, maana siwezi kuwanyoshea wengine kidole mimi mwenyewe nikiwa nimekificha cha kwangu. Mwaka mmoja, Mzee Mihayo akiwa likizo, alikuja kijana wa Igunga, Shija, mwaka wa pili. Mama yake alikuwa amefariki, na wadogo zake wanne wamebaki nyumbani peke yao. Basi lilikuwa linaondoka. Nilimhurumia. Nikamwambia, "Nenda tu mwanangu, usijali, nitakuandikia mimi." Na nilikusudia kweli. Lakini wiki ile kulikuwa na foleni ya usajili, na wiki iliyofuata mitihani, na Shija akanitoka kichwani kama ndoto ya asubuhi. Mwisho wa mwaka jina lake lilikuwa kwenye orodha ya walioacha masomo bila taarifa. Nililiona likiwa limekwisha kutiwa sahihi. Niliandika barua kwao, haikujibiwa. Nikaandika ya pili. Kijana yule hakurudi tena. Huruma yangu ilimponza, kwa sababu ilikuwa huruma ya mdomoni. Tangu siku hiyo niliacha kumcheka Mzee Mihayo.

Siku hizi mnasema mambo yamerahisishwa, kila kitu kiko kwenye simu. Sawa. Nami nakiri kwamba kompyuta hailiwi na mchwa. Lakini tazameni mnavyofanya. Mtoto anamaliza kidato cha sita, anakwenda kwenye duka la kuchapisha pale Gongoni, mwenye duka anamwombea chuo. Namba ya simu inayowekwa ni ya mwenye duka, nywila anaijua mwenye duka. Siku ujumbe wa kuthibitisha nafasi unapokuja, unaingia kwenye simu ya mtu ambaye amewaombea watoto mia na hamkumbuki hata mmoja. Nafasi inapita, mtoto analia dirishani kwangu. Fanyeni wenyewe, jamani. Ombeni msaada wa kusoma na kuelewa, lakini namba iwe yenu.

Na ukitaka kuhama kozi, hama kwa karatasi kabla hujahama kwa miguu. Nilimpata mmoja aliyesajiliwa uhasibu kwa amri ya mjomba wake, akakaa muhula mzima darasa la sosholojia kwa sababu ndiko roho yake ilikokuwa. Alifanya kazi zote, akafanya na majaribio. Mwalimu alimjua kwa jina na kumsifu. Wiki ya mitihani hakuwa na namba ya mtihani kule, na huku uhasibu hawakuwahi kumwona. Muhula ukapotea wote, na mjomba akapata la kusema.

Lakini hayo ni makosa ya wanafunzi, na ya wanafunzi huwa nayasamehe haraka. Lililonifanya niandike ni la Nyamizi.

Nyamizi alikuwa binti wa Sikonge, kutoka kijiji cha ndani ambako baiskeli ndiyo gari. Alisomea ualimu wa hisabati, na hakuwa mwanafunzi wa kubahatisha. Matokeo yake niliyaona. Baba yake, Mzee Kapama, alikuwa mrina asali. Muhula wa pili wa mwaka wa pili, mzee alipanda mti kutundika mzinga, tawi likakatika. Akavunjika nyonga. Mama alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na wengine wawili wadogo. Nyamizi ndiye mkubwa. Ilimpasa yeye awe miguu ya baba yake.

Binti yule alifanya kila kitu kama inavyotakiwa, isipokuwa kimoja. Aliandika barua ya kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Akaambatanisha cheti cha hospitali. Akaipeleka kwa mkuu wa idara yake, ambaye kwa utaratibu ndiye anayepaswa kuipitisha na kuileta kwetu usajili. Mkuu wa idara sitamtaja jina; ana wajukuu. Aliipokea, akaisoma mbele yake, akasema, "Nimekuelewa, binti. Nenda ukamuuguze mzazi. Usijali, huku nitamaliza mimi."

Mmeisikia hiyo? Usijali.

Nyamizi akaenda. Mwaka mzima alimgeuza baba yake kitandani, akamkanda, akamfundisha kusimama, akalima na tumbaku. Alikuwa na madaftari yake ya hisabati, alikuwa akiyasoma mchana wakati mzee amelala. Muhula wa pili wa mwaka uliofuata ulipofunguliwa, alirudi mjini na begi lake kujisajili.

Dirishani alikuwa Fadhili, ofisa mwenzangu kijana, mzuri wa kompyuta, mbovu wa subira. Nilikuwa chumba cha nyuma nafungasha majalada, maana nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu. Nikasikia:

"Dada, wewe ulitoroka masomo."

"Sikutoroka, kaka. Niliahirisha."

"Mfumo unasema umeacha masomo. Omba upya, uanze mwaka wa kwanza."

"Lakini niliandika barua."

"Barua haipo. Mwingine!"

Hilo neno "mwingine" ndilo lililoniinua kwenye kiti. Mtu ameambiwa kwamba miaka yake miwili haipo, na kabla hajapumua anaitwa wa nyuma yake kama foleni ya bucha.

Nikatoka, nikamkuta amesimama pembeni, amelikumbatia begi. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama sakafu kama mtu anayehesabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo huku ndani ukae."

Akanisimulia yote. Nikamuuliza lile swali la Mzee Mihayo: ya kwako iko wapi? Akasema hana. Alikuwa nayo moja tu, akaikabidhi. Ninakiri kwamba nilimkasirikia kidogo. Kisha nikajiuliza, huyu mtoto wa miaka ishirini na moja, baba yake yuko hospitali na nyonga imevunjika, ndiye wa kulaumiwa? Au ni msomi aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka, ambaye kazi yake ilikuwa kuipeleka karatasi moja ghorofa moja chini?

Tukaenda idarani, mimi mbele, yeye nyuma. Mkuu wa idara alitupokea vizuri, akanipa kiti. Nyamizi hakupewa. Nilipomweleza, akamtazama yule binti juu hadi chini.

"Simkumbuki," akasema. "Na barua kama hiyo sijawahi kuiona. Unajua, Mama, hawa wanafunzi wa siku hizi wakishaona mambo yamewaharibikia wanatunga."

Nyamizi akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, uliisoma mbele yangu. Ukaniuliza kama baba anaweza kuongea."

"Sijawahi kuiona," akarudia, safari hii akinitazama mimi.

Sikubishana naye. Mtu wa ofisi hubishana kwa daftari, si kwa mdomo. Nikatoka hadi kwa katibu muhtasi wake, Bi Asha, mwanamke wa mjini hapa, mtulivu, anayeandika kila kinachopita mezani kwake. Nikamwomba daftari la barua zinazoingia. Akarudisha kurasa nyuma, kidole kikishuka na mistari. Kikasimama.

"Hii hapa, dada. Jina, namba ya usajili, 'ombi la kuahirisha masomo, imeambatanishwa na cheti cha hospitali.' Na hapa kwenye kupokea ni sahihi ya bosi."

Tulirudi ndani na daftari. Mkuu wa idara akaitazama sahihi yake kama mtu aliyekutana na mdai wake njiani. Akaanza kufungua droo. Ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu ilikuwa imejaa kadi za michango ya harusi, na humo katikati, kati ya kadi mbili za dhahabu, ikatoka barua ya Nyamizi, imekunjwa kama alivyoikunja mwenyewe, cheti cha hospitali kikiwa bado kimebanwa kwa pini.

Harusi zile nazijua. Alihudhuria zote.

Mnajua alisema nini? Alisema, "Aa, kumbe ilikuwa hapa." Basi. Hakuna pole, hakuna samahani. Nyamizi aliangalia ile karatasi, na hapo ndipo machozi yakatoka. Nikamtoa nje, maana nilikuwa karibu kusema maneno ambayo mtumishi wa miaka yangu hasemi.

Mtadhani mambo yaliishia hapo. Barua imeonekana, sahihi imeonekana, mrudisheni mtoto darasani. Haikuwa hivyo. Fadhili alisema mfumo hauwezi kubadilisha hali ya mwanafunzi bila uamuzi wa kamati. Kamati inakaa mara moja kwa muhula. Nikaandika barua, nikaambatanisha nakala ya ukurasa wa daftari, nikaigonga mhuri, nikaipeleka mwenyewe kwa miguu ofisi hadi ofisi, kila mahali nikisubiri sahihi. Wenzangu wakasema, "Mama Usajili, unastaafu, ya nini kujichosha?" Nikawaambia nitapumzika nikishastaafu. Nyamizi akajibanza kwa ndugu yake Gongoni akisuka nywele za watu, na wenzake wanasonga mbele na masomo.

Wiki ya nane kamati ikakaa. Nikaitwa kutoa maelezo. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye busara, sina neno naye. Alisoma karatasi zote, akasema, "Jambo liko wazi. Tunapendekeza mwanafunzi apewe msamaha wa kuacha masomo, na arudi."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Kalamu ya mwandishi wa mkutano ikaanza kwenda. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti, msamaha wa nini?"

"Wa kuacha masomo, Mama."

"Hakuacha. Aliomba ruhusa. Barua yake ilikaa kwenye droo yetu."

"Si ni neno tu? La muhimu mtoto anarudi."

"Neno hilo ndilo litakaa kwenye jalada lake. Kesho anaomba kazi, mtu anafungua, anasoma kwamba aliacha masomo akasamehewa. Ataeleza mpaka lini?"

Mkuu wa idara, ambaye naye alikuwa mjumbe, akakohoa. "Mama anataka tumwombe radhi mwanafunzi?"

"Ningependa," nikasema. "Lakini leo nimekuja kwa neno moja tu."

Mimi si mtu wa hotuba, lakini siku ile nilitoa moja. Nikawaambia, "Mji huu ulijengwa na misafara. Babu wa babu yangu alibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani. Tulisimuliwa nyumbani kwamba mpagazi akiugua njiani, alimwambia mkubwa wa msafara, akaachwa kijijini, na mzigo wake wakagawana wenzake. Huyo aliitwa mgonjwa. Mtoro ni yule aliyetupa mzigo porini akakimbia bila kumwambia mtu. Wazee wale hawakujua kusoma, na walijua tofauti. Sisi tuna digrii."

Mwenyekiti akamgeukia mwandishi. "Futa. Andika: mwanafunzi aliahirisha masomo kwa ruhusa, kumbukumbu zirekebishwe, anarejea mwaka wake."

Fadhili alibadilisha jioni ile ile. Kumbe mfumo uliweza. Mifumo huweza sana, wenye mifumo wakitaka. Lakini muhula ulikuwa umekwenda, na masomo yale hufundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo Nyamizi alisubiri mpaka mwaka uliofuata. Mwaka aliouomba kwa ajili ya baba yake ulikuwa wake. Ule wa pili tulimpokonya sisi, na hakuna kikao kilichowahi kuuzungumzia. Mkuu wa idara baadaye alipandishwa cheo. Sina la kuongeza hapo, nisije nikavunja sahani kwa hasira.

Mimi nikawa nimeshastaafu. Lakini siku Nyamizi aliporudi kujisajili, alinipigia simu nimsindikize, nami nikavaa vizuri kama mtu anayekwenda kanisani. Nikamkuta getini na mzee mmoja mwembamba, anaegemea gongo, mguu mmoja umekuwa mfupi. Nikajua.

"Mwangaluka, mayo," akanisalimia Kinyamwezi, akiniita mama, akavua kofia.

"Mwangaluka, baba. Pole na safari."

Fadhili alimsajili Nyamizi kwa dakika chache. Akachapa barua ya kurejea masomoni. Bila kuambiwa na mtu akachapa ya pili, akazigonga mhuri zote mbili, moja akampa binti, akasema, "Hii ni yako, dada. Itunze." Hakunitazama, akawa anapanga upya karatasi zilizokwisha kupangwa.

Tuliketi kwenye benchi nje ya ofisi. Mzee Kapama akamwomba binti yake ile karatasi. Akaishika kwa mikono miwili. Hakujua kusoma, akanipa mimi.

"Mayo, inasema nini?"

Nikamsomea. Nilipofika penye "aliahirisha masomo kwa ruhusa," akaniinulia mkono.

"Hapo rudia."

Nikarudia. Akauliza, akichagua Kiswahili chake taratibu, "Kwa hiyo hawakumfukuza kwa sababu ya kuniuguza mimi?"

"Hapana, baba. Ilikuwa ruhusa yake. Sisi tuliipoteza barua. Kosa ni letu."

Mzee akatazama mguu wake ule mfupi. "Mimi mwaka mzima," akasema, "kila nikikumbuka yuko mjini anasuka nywele za watu, nilikuwa nasema moyoni, kwa nini ule mti haukuniua."

Nyamizi akageuka upesi. "Baba! Hujawahi kuniambia."

"Ningekuambia nini, mwanangu?"

Binti akamshika baba yake mkono. Na mimi, niliyekuwa mtumishi wa chuo kile karibu maisha yangu yote, nikamwambia yule mzee pole. Nilimwambia kwa niaba ya ofisi nzima, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.